Chembe Isiyodumu na Nyayo Zake



Mwezi uliopita tuliletewa swali na kijana wa kidato cha tatu, mwenyeji wa bonde hili letu la Yaeda Chini. Aliandika hivi: "Maalim, shikamoo. Nimesoma kwamba huko Ulaya wako watu waliochimba njia ya mviringo ya kilomita 27 chini ya ardhi, nao wachunguza humo kitu kisichoishi hata sekunde moja. Kitu kisichoonekana wala kisichodumu, watu wakijuaje?" Chini ya barua hiyo, kwa mwandiko mwingine, baba yake ameongeza swali lake: "Na wakishakijua, chatufaa nini sisi? Huyu mwanangu ataka kushika hesabu na fizikia, nami naona atapoteza miaka." Maswali yote mawili ni ya haki, na la baba si dogo kuliko la mwana, kwa sababu yeye ndiye atakayeuza ng'ombe ili ada ilipwe. Basi tutayajibu kwa kadiri ya nafasi tuliyopewa katika sahifa hii.

Yafaa kwanza tujue kitu chenyewe ni kitu gani. Kila tukishikacho, jiwe, magadi ya mbugani, nyama, na hata miili yetu, kimejengwa kwa atomu. Ndani ya atomu mna kiini, na ndani ya kiini mna protoni na nyutroni. Hapo ndipo vitabu vingi vya shule zetu vinapokoma. Lakini mwaka 1964 wataalamu wawili, Murray Gell-Mann na George Zweig, kila mmoja kwa njia yake, walitoa rai kwamba protoni nayo ina vitu ndani yake, na vitu hivyo leo huitwa kwaki. Kwaki haionekani peke yake hata siku moja. Kwa kawaida ama hukaa tatu pamoja, kama zilivyo katika protoni, ama hukaa jozi, kwaki moja na kinyume cha kwaki, na jozi hiyo ndiyo iitwayo mesoni.

Aina za kwaki ni sita, nazo zimepangwa kwa jamaa tatu, kila jamaa mbili mbili. Vitu vyote vya dunia hii vimejengwa kwa jamaa ya kwanza peke yake. Ile tunayoizungumza leo ni ya jamaa ya tatu, nayo hutajwa kwa herufi b. Wengine husema herufi hiyo ni mwanzo wa neno la Kiingereza lenye maana ya chini, wengine husema ni la uzuri. (Sisi wakazi wa Yaeda Chini twaona maana zote mbili zaweza kukaa mahali pamoja bila ya ugomvi.) Mesoni yenye kwaki b, au kinyume chake, huitwa mesoni B.

Kwaki b iligunduliwa mwaka 1977 katika maabara ya Fermilab, karibu na Chicago, Marekani, na kundi la watu walioongozwa na Leon Lederman. Waliona chembe yenye uzito wa mara kumi hivi ya protoni, wakatambua kwamba hiyo ni kwaki b iliyofungamana na kinyume chake. Kwaki b peke yake ina uzito wa mara nne na nusu hivi ya protoni nzima. Hapo msomaji atashangaa: imekuwaje kilichomo ndani kikawa kizito kuliko kinachokichukua? Jawabu ni kwamba kwaki b haimo ndani ya jiwe wala ndani ya miili yetu, ikingoja kuchimbuliwa kama dhahabu. Hutengenezwa pale pale. Chembe mbili zikisukumwa kwa kasi inayokaribia kasi ya nuru na kugonganishwa uso kwa uso, nguvu ya mgongano ule hugeuka kuwa maada mpya. Jambo hilo lilikwisha kuelezwa na Einstein mwaka 1905, kwamba nguvu na uzito ni kitu kimoja chenye sura mbili.

Sasa twaja kwenye swali la kijana. Mesoni B huishi kwa muda wa sekunde moja na nusu iliyogawanywa mara milioni milioni. Katika muda huo nuru yenyewe, ambayo hapana kiipitacho mbio, haimalizi hata nusu milimita. Watu huionaje?

Hawaioni. Na hapa kijana wetu hana haja ya kwenda mbali kutafuta mfano, maana majirani zake Wahadzabe wanao tangu zama za mababu. Mwindaji wa Kihadzabe akimpiga mnyama mkubwa kwa mshale wa sumu, hamkimbilii. Hungoja, mara nyingine hurudi kambini kuita wenziwe, kisha hufuata nyayo. Mnyama hayupo mbele ya macho yake, lakini mwindaji atakuambia: hapa alikuwa akikimbia, hapa alianza kuchechemea, hapa alijitenga na kundi lake. Aisoma habari yote katika mchanga, jani lililovunjika na tone la damu. Akipata mahali ambapo nyayo nyingi zatoka pamoja, ajua kwamba pale ndipo kundi lilipotawanyika, ijapokuwa hakuwapo lilipotawanyika.

Ndivyo wafanyavyo hao wa Geneva. Katika ile njia ya kilomita 27, iliyopita chini ya mpaka wa Uswisi na Ufaransa kwa kina cha mita 100 hivi, protoni hugonganishwa mamilioni ya mara kila sekunde. Mahali pamoja katika mzunguko huo pamejengwa chombo kiitwacho LHCb, chenye urefu wa mita 21, kwa ajili ya kuchunguza kwaki b. Kutoka kwenye mgongano hutawanyika chembe nyingi, na kila moja huacha alama katika vipande vyembamba vya silikoni vilivyowekwa milimita chache tu kutoka penye mgongano. Mesoni B, kwa kuwa hukimbia karibu sawa na nuru, saa yake hupunguza mwendo (na hilo pia ni la Einstein), kwa hiyo huweza kwenda sentimita moja hivi kabla ya kuvunjika. Ikivunjika, hutoa chembe nyingine, nazo huacha nyayo zao. Mashine za kuhesabu hufuata nyayo hizo kinyumenyume. Zikiona kwamba nyayo nyingi zatoka penye mgongano, lakini mbili au tatu zatoka mahali pengine, mbele kidogo, hapo husemwa: hapa palivunjika kitu kilichokuwa kimesafiri. Sentimita moja ya utupu, isiyo na alama yoyote, ndiyo dalili ya mesoni B. Twasema bila ya kusita kwamba mwindaji wa Mongo wa Mono angeifahamu hoja hii upesi kuliko wanafunzi wengi wa mjini.

Hata huo umri wa mesoni B, ulio mfupi kwetu, uliwashangaza wataalamu kwa urefu wake ulipopimwa huko California mwaka 1983. Walitazamia kitu kizito kama kile kivunjike mapema zaidi. Sababu ni hii: kwaki b ingependa kugeuka kuwa mwenziwe wa jamaa moja, lakini mwenziwe huyo, aliyegunduliwa mwaka 1995, ni mzito mno kuliko yeye, na kizito hakitoki katika chepesi. Kwa hiyo yambidi avuke kwenda jamaa nyingine, na mlango wa kuvukia ni mwembamba sana.

Kani inayoufungua mlango huo huitwa kani dhaifu, na hiyo si ngeni kwetu. Kaskazini ya Ziwa Eyasi, upande wa pili wa nyanda za juu, liko bonde la Olduvai. Mwaka 1959 Mary Leakey aliokota huko fuvu la kale lililopata sifa dunia nzima, na mwaka 1961 ikatangazwa kwamba tabaka lake lina umri wa miaka milioni 1 na robo tatu. Umri huo ulijulikanaje? Katika majivu ya volkano mna potasiamu, na sehemu ndogo sana ya potasiamu hiyo hugeuka polepole, nyingine kuwa kalisiamu, nyingine kuwa hewa iitwayo agoni, ambayo hubaki imefungiwa ndani ya madini. Nusu ya potasiamu ya namna hiyo huchukua miaka milioni 1,250 kugeuka. Wataalamu walipima agoni iliyokusanyika, wakapiga hesabu. Na kani inayoigeuza potasiamu ile ndiyo hiyo hiyo kani dhaifu inayoivunja mesoni B! Kazi moja, huku ikichukua mamia ya mamilioni ya miaka, huku haichukui hata muda ambao ulimi wa mwanadamu ungeweza kuutaja. Potasiamu hiyo imo pia katika ndizi tulazo na katika mifupa yetu.

Aliyetusaidia kuifahamu kani dhaifu, kwamba yeye na umeme ni ndugu wa tumbo moja, alikuwa Abdus Salam, mwana wa mji mdogo wa Jhang katika Punjab, ambaye baba yake alikuwa mfanyakazi wa idara ya elimu. Alipata tuzo ya Nobel mwaka 1979, pamoja na Sheldon Glashow na Steven Weinberg. Kabla ya hapo, mwaka 1964, alikuwa amekwisha kuanzisha kituo cha fizikia katika mji wa Trieste, Italia, kwa nia ya kuwapokea wasomi wa nchi maskini, ili wasilazimike kuchagua kati ya elimu yao na nchi zao. Tutakirudia kituo hicho.

Lakini kwa nini watu wajitaabishe na kwaki b zaidi ya nyinginezo? Hapa pana swali kubwa. Kila chembe ya maada ina kinyume chake, kilicho sawa nayo kwa uzito na kilicho mbali nayo kwa chaji ya umeme. Zikikutana, zote mbili huteketea na kuwa nuru. Kwa hesabu ilivyo, ulimwengu ulipoanza, maada na kinyume chake vilitoka sawa sawa. Basi vingalikutana na kuteketezana, na leo pasingalikuwa na nyota, wala mlima Hanang, wala mtu wa kuuliza. Iko tofauti ndogo mahali fulani, iliyoibakiza maada.

Mwaka 1964 tofauti ya namna hiyo ilionekana mara ya kwanza katika chembe ziitwazo kaoni. Mwaka 1973 Wajapani wawili, Makoto Kobayashi na Toshihide Maskawa, walionyesha kwa hesabu tupu kwamba tofauti hiyo yawezekana ikiwa jamaa za kwaki ni tatu. Wakati huo hata jamaa ya pili ilikuwa haijatimia. Walisema pia, wao na waliowafuata, kwamba katika mesoni B tofauti hiyo ingekuwa kubwa. Huko Hamburg, Ujerumani, mwaka 1987, iligunduliwa kwamba mesoni B hugeuka yenyewe kuwa kinyume chake ingali hai. Binamu yake mmoja, kama ilivyopimwa Fermilab mwaka 2006, hugeuka na kugeuka tena kwa mwendo wa mara milioni milioni 3 kwa sekunde. Kisha Marekani na Japani wakajenga mashine mbili za kugonganisha elektroni na positroni, kwa ajili ya kuzalisha mesoni B tu, moja California na nyingine katika mji wa Tsukuba. Kazi ilianza mwaka 1999. Mwaka 2001 pande zote mbili zikatangaza, kwa wakati ule ule, kwamba tofauti ipo, na ni kama ilivyohesabiwa. Kobayashi na Maskawa walipata tuzo yao mwaka 2008, miaka 35 baada ya kuandika makala yao. Na mwaka 2025 LHCb wakaonyesha tofauti hiyo, ya asilimia 2 na nusu hivi, katika jamaa za protoni zenye kwaki b, jambo ambalo lilikuwa halijaonekana kabla.

Hata hivyo, tofauti zote hizo zikikusanywa pamoja ni haba mno. Hazitoshi hata kidogo kueleza kwa nini maada nyingi namna hii ilibaki. Ndiyo sababu watu hawajafunga virago.

Kuna kisa kimoja katika habari hizi ambacho twakipenda kuliko vyote, nacho si cha ushindi. Mesoni B, mara chache sana, huvunjika na kutoa kaoni pamoja na elektroni mbili, au kaoni pamoja na myuoni mbili. Myuoni ni kama elektroni, ila ni nzito. Kwa kanuni zijulikanazo, njia hizo mbili zapasa kutokea sawa kwa sawa. Mwezi wa Machi 2021 LHCb walitangaza kwamba wameona myuoni pungufu, kwa kiasi cha asilimia 15. Uwezekano wa jambo hilo kuwa bahati tu ulikuwa kama mara moja katika elfu. Magazeti ya dunia yalipiga mbiu kwamba kani mpya imepatikana. Mamia ya makala yaliandikwa na wanahesabu kuieleza kani hiyo. Lakini wenyewe walisema: mara moja katika elfu haitoshi, kwa desturi yetu twataka pasizidi mara moja katika milioni 3. Wakarudi kuzichambua nyayo zao upya, wakakuta kwamba baadhi ya zile walizoziita elektroni hazikuwa elektroni, bali chembe nyingine zenye alama ya kufanana nazo. Mwezi wa Desemba 2022 wakasimama mbele ya watu, wakasema kwamba baada ya kusahihisha, njia mbili zile ni sawa, na kani mpya haipo hapo. Hakuna aliyewalazimisha. Watu waliokuwa karibu na sifa ya karne walizifuata nyayo mpaka mwisho, wakakuta si za mnyama waliyemdhania, wakasema hivyo hadharani.

Sasa tumjibu baba. Hatutamdanganya kwamba mesoni B itamletea mvua, au itapandisha bei ya ng'ombe mnadani. Hapana ajuaye matumizi yake, na anayemwambia yapo amemtafutia maneno. Lakini mashine na hesabu zilizobuniwa kwa kazi hii zimekwisha kutufikia. Mtandao wa tovuti, ambao kwao hata mfugaji wa bonde hili hupata habari katika simu, ulibuniwa mwaka 1989 na Tim Berners-Lee katika kituo hicho hicho cha Geneva, ili wasomi wapelekeane habari. Wagonjwa wa saratani katika hospitali ya Ocean Road, Dar es Salaam, hutibiwa kwa mashine zinazosukuma elektroni kwa kasi, ambazo ni wajukuu wa mashine za kuchunguzia chembe. Mashine hizo zataka watu wa kuziendesha na kuzipima, nao ni watu wa fizikia.

Na tena, si kila kijana ashikaye fizikia atakwenda Geneva. Wengi wao watakuwa walimu, mafundi wa umeme, wapima ardhi, waangalizi wa hali ya hewa, na wilaya zetu za Mbulu na Hanang zina uhaba wa watu hao wote. Baba atazame hapo kwanza. Ada ya mwana wa hesabu haipotei hata kama hakuiona mesoni maisha yake yote.

Kwa yule mmoja atakayetaka kwenda mbali, njia ipo, wala haianzii Ulaya. Tangu mwaka 2010 iko shule ya fizikia ya Afrika, iliyoanzishwa na jamaa akiwemo Kétévi Assamagan, mtaalamu mwenye asili ya Togo. Hukusanya wanafunzi wa vyuo vikuu kwa majuma kadhaa, kila mara katika nchi nyingine: ilianza Stellenbosch, ikaenda Kumasi, ikaenda Dakar, na mwaka 2016 ikafika kwa majirani zetu Kigali. Huko huko Kigali, katika Chuo Kikuu cha Rwanda, tangu mwaka 2018 kipo chuo cha fizikia kwa ajili ya Afrika Mashariki, ambacho ni tawi la kile kituo cha Trieste tulichokitaja, nacho hufundisha shahada za juu, fizikia ya chembe ikiwa miongoni mwake. Kutoka Mbulu hadi Kigali ni safari ya basi. Aidha kituo cha Geneva kimefungua hazina ya vipimo vyake kwa watu wote, na mwanafunzi mwenye kompyuta na mtandao aweza kuzichambua nyayo za mesoni B akiwa hapa hapa, bila ya kumwomba mtu ruhusa.

Yatakiwayo kabla ya hayo ni machache na magumu: aljebra isiyokimbiwa, Kiingereza cha kusomea, na mwalimu asiyewacheka wanaouliza. Wazazi wenye binti wasidhani twazungumza na wavulana tu. Chembe hazimuulizi mtu jinsia yake, na katika makundi hayo ya uchunguzi wamo wanawake wengi.

Msomaji makini huenda ameona kwamba jambo moja tumelipita upesi. Tumesema jamaa za kwaki ni tatu, na kwamba ya kwanza peke yake yatosha kuijenga dunia na vyote vilivyomo. Basi hizo mbili nyingine ni za nini, na kwa nini zisiwe nne au tano? Swali hilo lilikuwapo mwaka 1977, lipo leo, na si Geneva wala Tsukuba aliyeko mtu wa kulijibu.